Sentimita Sabini na Tisa

Sarang'ombe, Kibera
Jumanne, 14 Januari 2025

Mjomba Kagiri,

Kabla sijakusalimu, acha niseme kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Becky ambaye tunalala kitanda kimoja. Nataka kuendesha baiskeli mlimani. Si kwenda dukani wala kubeba mizigo. Mlimani, kwenye njia za udongo, mpaka mahali ambapo mtu akigeuka anaiona Nairobi yote iko chini, imetulia kama nguo zilizoanikwa. Haya, nimeliandika. Sasa nakusalimu.

Habari za Kawangware? Habari za Anti Wakarima? Huku tuko wazima. Baba bado anachomelea milango na madirisha kule Makina. Mama anashona sare za shule, mezani hapaonekani. Becky ameingia gredi ya nne. Mimi nilimaliza Fomu Foo Novemba na matokeo yametoka wiki jana, nimepata C+. Mama alisema ni sawa, kisha akaendelea kushona, na bado sijajua sawa hiyo ilikuwa ya namna gani.

Huenda hunikumbuki. Tulionana mara moja, kwenye mazishi ya Cucu, nyanya yangu, nikiwa na miaka minane. Tulipokuwa tukirudi, Mama alisema hatutakanyaga Kawangware tena. Sijakanyaga. Lakini hakusema tusiandike, na jambo hilo nimelifikiria sana kabla ya kushika kalamu. Simu ya nyumbani ni yake, kwa hivyo barua hii anaileta Sella, jirani yetu anayeuza mitumba soko la kwenu kila Jumanne na Ijumaa.

Jambo lenyewe ni hili. Kila Jumamosi kuna wasichana wanaopita huku na baiskeli wakienda msituni Ngong Road. Kiongozi wao anaitwa Nduku. Juzi alisimama kunywa maji karibu nami, akaniuliza kama naendesha. Nilitikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Akasema Julai wanapanda vilima vya Ngong na wanachukua wapya, mradi kila mtu awe na baiskeli inayomtosha. "Baiskeli si sare ya shule," akasema, "ati unanunua kubwa ndio uje umee ndani." Nilitaka kuuliza kutosha ni kutosha vipi, lakini alishaondoka.

Baba anasema hakuna fundi wa baiskeli kama wewe. Mimi ni mrefu kidogo. Mtu mrefu huchaguaje?

Ni mimi mpwa wako,
Adhis

*

Kawangware
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mpwa wangu Adhis,

Barua yako imefika ikinuka mitumba. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimefunga duka. Anti yako anakusalimu. Ana mafua tangu Krismasi na analaumu vumbi la jirani yetu Ndegwa, anayepasua mbao mlango wa pili. C+ si haba. Mimi sikufika huko.

Nakukumbuka. Ulikuwa umevaa sweta ya kijani na hukusema neno siku nzima.

Sasa sikiliza. Watu wengi huchagua baiskeli kwa rangi, ndiyo maana sikosi kazi. Kitu cha kwanza ni mguu. Simama ukutani bila viatu, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kikatae. Mtu aweke alama ukutani, kisha mpime kutoka sakafuni. Hicho ndicho kipimo cha fremu. Ukisimama juu ya baiskeli ya mlimani, bomba la juu likuachie nafasi ya vidole vinne au zaidi, kwa sababu huko njiani utashuka bila kupanga.

Cha pili ni urefu wako wote, maana mtu mrefu si miguu pekee. Ana mgongo na mikono. Fremu ikiwa fupi, magoti yanagonga usukani na mgongo unajikunja kama wa mtu anayetafuta sarafu. Kupandisha siti hakutibu fremu ndogo. Hilo liandike mahali.

Kwa kawaida sijengei mtu ambaye sijampima kwa mkono wangu. Wewe nitakujengea bila kukupima, nikiletewa nambari.

Nafurahi kusikia mama yako anashona. Mkono wake wa kushoto unaendeleaje?

Mjomba wako,
Kagiri

*

Sarang'ombe
Jumanne, 4 Februari 2025

Mjomba Kagiri,

Salamu kwako na kwa Anti, mafua yake yaishe. Huku maji yalipotea siku nne, yamerudi jana. Baba ameumia kidole lakini si sana, anawaonyesha watu kama cheti.

Mkono wa Mama haunyooki kabisa, lakini cherehani haihitaji mkono ulionyooka. Ulijuaje? Kwetu husema tu kwamba alianguka akiwa msichana. Nikiuliza alianguka wapi, huniambia nimletee makasi.

Nimepima. Nilitumia atlasi yangu ya shule kwa kuwa ina jalada gumu, na Becky akaweka alama. Mguu ni sentimita sabini na tisa. Urefu ni mia moja sabini na mbili. Becky alicheka nilipokuwa naziandika nambari hizi, sijui kwa nini, yeye hucheka ovyo.

Mjomba, nikifunga macho nauona mlima wenyewe. Nyasi zinalala upande mmoja kwa upepo. Hakuna mtu anayeniangalia. Nimekaa juu ya kitu kinachonifuata ninakotaka kwenda, na mwili wangu hauna shida na mtu.

Adhis

*

Kawangware
Jumanne, 18 Februari 2025

Adhis,

Tuko salama. Anti yako amepona, sasa mafua ni ya kwangu. Mpangaji wa chumba cha mbele amehama na kutuachia jogoo ambaye hatujui ni wa nani.

Sabini na tisa? Kwetu hakuna mtu wa sabini na tisa. Babu yako alikuwa akiinama kwenye kila mlango alioujenga mwenyewe. Mama yako akiwa na umri wako alikuwa anavuka mtaro wa Riruta bila kuruka. Pima tena. Kitabu kipande mpaka kikatae kweli. Usimwonee haya Becky.

Kuhusu mkono, nilikuwa nauliza tu.

Kagiri

*

Sarang'ombe
Jumanne, 4 Machi 2025

Mjomba Kagiri,

Tunaendelea vizuri na tunatumaini mafua hayajarudi kwa Anti. Becky alipoteza jino shuleni, wakalitafuta darasa zima.

Nimepima tena. Ni sabini na tisa. Nimefuata upande wa Baba, na Baba si mrefu.

Nina swali jingine. Niliona picha za baiskeli za wasichana na zote zilikuwa ndogo, bomba la juu limeinama. Kwa hivyo nadhani ndogo ndiyo inayofaa. Wasichana wa Nduku wote ni wa kadiri tu. Wakipita pamoja hakuna anayezidi mwenzake, ni kama mstari uliochorwa kwa rula. Pale kwa Wagaki, muuza mahindi, kuna vijana ambao nikipita huuliza, "Niaje nguzo, huko juu kunanyesha?" Sijawahi kuwasikia wakiwauliza hao.

Sijui kwa nini nimekuandikia hayo. Hayahusiani na vipimo.

Adhis

*

Kawangware
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Nimekawia. Mvua iliingia dukani nikahamisha kila kitu, na ile gia ya nyuma niliyoitaka ilichelewa. Jogoo tumemjua mwenyewe, ni Ndegwa, na sasa hatusemezani.

Sikuweza kubishana nawe kuhusu upande wa baba yako. Nilijaribu kukumbuka kama Okoth ni mrefu au mfupi nikashindwa, na nikaona aibu. Kwenye mazishi ya mama yetu nilimpa mkono bila kuinua macho. Basi nimeamini nambari zako.

Fremu ni inchi kumi na saba. Magurudumu ni mapana, yana meno mazuri ya udongo. Breki nimezijaribu mwenyewe kwenye mteremko. Nimeipaka bluu. Sella ataileta Jumanne ijayo juu ya mkokoteni wa nguo zake.

Kwenye bomba la siti kuna mistari midogo imechongwa. Mistari hiyo lazima iwe ndani ya fremu, isionekane. Nimeisema mara moja, naisema tena: isionekane.

Kagiri

*

Sarang'ombe
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Salamu nyingi, kwako, kwa Anti, na hata kwa jogoo. Wote wazima huku. Barua hii Sella ataibeba kesho alfajiri.

Imefika, na ni nzuri sana. Mama alikuwa kwenye mashine Sella alipoishusha. Aliiangalia, akamuuliza Sella ni nani aliyeijenga, Sella akajifanya anahesabu sketi zake. Kisha Mama akasema, "Itoeni mlangoni, inazuia wateja." Hakusema irudishwe. Nimengoja siku kumi na tatu na bado hajasema.

Najifunza uwanjani asubuhi, kabla vijana hawajafika kucheza mpira. Siku ya kwanza nilianguka mara sita. Siku ya nane nilizunguka uwanja wote bila kugusa chini, ukungu ulikuwa haujaondoka, na mabati yote ya Kibera yalikuwa kijivu na laini kama maji yaliyosimama. Sikuwa nafikiri kitu. Sijawahi kukaa muda mrefu hivyo bila kujifikiria.

Mwanzoni magoti yalikuwa yanagonga usukani, lakini nimelitatua. Nimepandisha siti, na wiki iliyopita nikaipandisha tena. Ile mistari uliyoniambia sasa iko nje kabisa, naweza kuweka kiganja kati yake na fremu. Inayumba kidogo tu. Jumamosi hii Nduku amesema nijaribu kushuka nao mteremko wa msituni, aone.

Asante, Mjomba. Asante sana.

Adhis

*

Kawangware
Jumanne, 29 Aprili 2025

Adhis,

Sella anangoja hapa mlangoni, kwa hivyo hakuna salamu. Ishushe siti leo. Usiipande tena. Nimempa Sella spana, na nimemwambia ukikataa aing'oe siti yenyewe anirudishie.

Nitakuambia ambacho sijamwambia mtu kwa miaka ishirini na sita. Mama yako alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimjengea baiskeli kwa fremu niliyokuwa nayo, ndogo, kwa sababu nilitaka watu waone kwamba naweza kujenga. Alikuwa mrefu kuizidi sana. Nikapandisha siti mpaka bomba likabaki vidole viwili ndani ya fremu. Alishuka nayo mteremko wa Riruta akicheka, nilimsikia kutoka juu. Bomba likakatika. Kiwiko chake ndicho kilichotangulia chini.

Baba alipouliza, nilisema, "Alikuwa anajionyesha." Nilisema mbele ya mama yako, akiwa amelala na mkono umefungwa. Baba akaapa hakuna binti wake atakayepanda baiskeli tena. Mama yako alinitazama, akingoja nirekebishe, na mimi nikatazama ukuta. Watu hudhani alituacha kwa ajili ya Okoth. Okoth alikuja baadaye.

Wewe si wa sabini na tisa. Nilijua na nikaacha ujinga wangu uamini.

Kagiri

*

Sarang'ombe
Jumanne, 6 Mei 2025

Mjomba Kagiri,

Tuko salama. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo unalotafuta. Sella aliing'oa siti kabla hajanipa barua. Jumamosi sikwenda msituni.

Nilidanganya. Mara ya kwanza kitabu kilikuwa hakijakataa, nilikisimamisha mimi. Mara ya pili sikupima kabisa. Nilifikiri ukinijengea ndogo, nitaonekana mdogo juu yake. Shuleni nilikuwa nakaa nyuma tangu Fomu Wani ili nisimzibe mtu ubao, na kwenye picha nilikuwa nakunja magoti chini ya sketi. Nilitaka mahali pamoja ambapo nambari yangu ni ya kawaida, hata kama ni kwenye karatasi tu. Sikujua nambari inaweza kumvunja mtu mkono. Baba pia ni mrefu, Mjomba. Naomba nisamehewe kwa hilo pia.

Barua yako nilimsomea Mama. Hukusema nisimsomee. Alikuwa anatia zipu. Nilipofika pale kwenye ukuta aliacha kukanyaga mashine, nikasikia redio ya mlango wa nne. Nilisoma mpaka mwisho. Akaniambia nisome tena hapo tu, pa ukuta. Nikasoma.

Akainuka. Kisha akachukua futi yake ya kupimia wateja, akasema, "Simama."

Nikasimama.

"Vizuri. Mimi sishonei watu waliojikunja."

Akanipima mguu, mgongo, mikono, mabega, kila kitu, akiandika kwenye kikaratasi kile anachoandikia oda. Hakukuandikia neno. Alikikunja tu akaniwekea juu ya barua hii. Kimo ndani humu.

Adhis

*

Kawangware
Jumanne, 27 Mei 2025

Mpwa wangu Adhis,

Sisi wazima. Anti yako amenipatanisha na Ndegwa.

Kikaratasi kimefika. Mia moja themanini na saba, mguu themanini na tisa. Sikuhitaji kuambiwa ni mwandiko wa nani, yeye bado hukata saba yake katikati. Nimekibandika ukutani juu ya meza ya kazi. Wateja wananiuliza ni nini, nawaambia ni oda.

Umesamehewa. Mimi nilikuwa na umri mkubwa kuliko wako niliposema uwongo wangu, na sikuuandikia barua.

Nimepata fremu ya inchi ishirini na moja. Magurudumu ni yale makubwa, maana mtu wa kimo chako akipewa madogo anaonekana kama amekalia toroli. Mikono ya pedali nimeweka mirefu ili mguu wako ufanye kazi yote. Bomba la siti ni refu, na mistari iko ndani vidole vinane. Nimepima mara nne. Itakapofika, kaa juu yake uegemee ukuta, kanyaga pedali mpaka chini: goti libaki na mkunjo kidogo tu, mgongo utulie, viwiko vilegee. Ukihisi kwamba umesahau kuna baiskeli, basi inakutosha.

Hiyo ya bluu nirudishie na Sella.

Sina ninachoomba kwa mama yako. Mwambie tu kwamba sikumuona akijionyesha. Alikuwa anaendesha vizuri.

Kagiri

*

Sarang'ombe
Jumanne, 15 Julai 2025

Mjomba Kagiri,

Salamu kwenu nyote. Baba anakusalimu, anasema siku mkikutana atasimama wima ili usisahau tena. Becky amekuwa wa tatu darasani na hatupumziki nyumbani kwa kuambiwa.

Jumamosi tulipanda vilima vya Ngong. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na sikushuka kusukuma ila mara mbili. Nduku aliniangalia nikiwa juu ya baiskeli akasema, "Hiyo sasa ni yako," basi, akatangulia. Njia ilikuwa nyekundu na laini kwa mvua ya usiku. Mawingu yalikuwa yanapita chini yetu, na kivuli changu kilikimbia pembeni kwenye nyasi, kirefu sana, kirefu kuliko nilivyowahi kujiona, na sikukionea haya. Nilikiangalia tu kikienda. Niliporudi nilimwambia Mama maneno yako, kwamba alikuwa anaendesha vizuri. Alisema chakula kiko kwenye sufuria.

Lakini jana mchana nilikuwa nimekwenda kununua uzi wake, nikarudi mapema. Nilipofika pembeni mwa ploti nilimuona kupitia nafasi ya mabati. Alikuwa ameiegemeza baiskeli ukutani, amekaa juu yake. Amevaa ile aproni yake yenye pini kifuani. Hakuwa anaenda popote. Mkono wa kulia umeshika ukuta, wa kushoto uko juu ya usukani, umefika bila kunyooka. Aliikanyaga pedali polepole mpaka chini, akaangalia goti lake. Hakugusa siti, Mjomba. Hakuhitaji kuishusha wala kuipandisha. Akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kushuka Riruta yote mpaka mtoni.

Nilirudi nyuma, nikazunguka tena kwa Wagaki, nikakawia. Nilipoingia alikuwa kwenye mashine na baiskeli iko mahali pake. Aliniuliza mbona nimechelewa na uzi.

Sijamwambia kwamba nilimuona. Sijamwambia Baba wala Becky. Nimekuambia wewe peke yako, na hata akija siku moja mpaka mlangoni kwako akusalimie kama ndugu, tafadhali, usimwambie.

Mpwa wako,
Adhis